Kutangaza kipindupindu mtaani: utaratibu wangu wa Moshi

Mimi ni afisa afya wa kata. Kila masika ikikolea nauweka huu utaratibu karibu.

1. Usisubiri maabara. Jina la kipindupindu liache mpaka mganga mkuu athibitishe, ila "kuna ugonjwa wa kuhara na kutapika" unaweza kutangaza leo hii. Mtu akishameza vimelea, dalili zinaweza kuanza ndani ya saa chache.

2. Lisome tangazo kwa jirani kwanza. Hapa nilijikwaa. Nilipita Pasua na spika juu ya bajaji: "Msinywe maji ya mfereji!" Kwetu Uchagani, mfereji ni ule mtaro unaoshuka kutoka mlimani kumwagilia migomba. Jioni nikamkuta mama mmoja wa Unguja, mpangaji, amefunga koki ya bomba kabisa, ndoo zake mbili zimejaa maji ya mto. "Si ulisema mfereji, baba?" Kwao mfereji ndiyo bomba! Siku hizi nasema "mtaro wa shambani", na mito naitaja kwa jina: Njoro, Karanga, Rau.

3. Toa kipimo, tena kwa vitendo. "Chemsheni maji" haitoshi. Sema yatokote dakika nzima, kisha yapoe kwenye chombo chenye mfuniko. Pakiti ya ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, ni ya maji lita 1. Shika chupa mkononi uwaonyeshe, maana ya lita moja na nusu ndiyo imejaa madukani, na ukiijaza dawa inakuwa nyepesi. Pakiti ikikosekana: lita 1 ya maji safi, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu kijiko, vyote vya kusawazisha. Mgonjwa anywe huku anapelekwa kituoni, asingojee nyumbani.

4. Wafuate waliko. Msikitini, kanisani, sokoni Mbuyuni. Kilabuni fika mapema, kabla kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, haijaanza kuzunguka. Usiwaambie waache mbege, utaongea peke yako. Waambie kila mtu aje na kikombe chake.

5. Uvumi. Familia ya mgonjwa usiitaje kamwe. Mwenye maswali mpe 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya. Wakisema vidonge vya klorini vinafunga kizazi, usibishane. Tia kidonge kwenye ndoo kama pakiti inavyoelekeza, piga nao soga nusu saa, halafu chota unywe wewe kwanza. Kikombe cha pili mpe mwenyekiti wa mtaa.