Unguja hadi Mafia kwa ndege: piga hesabu ya umbali na muda mwenyewe, hata ukitokea Mtwara

Njia ya ndege hupimwa kwa mstari mnyoofu, kiwanja hadi kiwanja. Kikokotoo cha simu kinatosha.

Anza na mahali vilipo viwanja vyenyewe, usichukue katikati ya mji. Cha Unguja kiko 6°13' Kusini, 39°13' Mashariki. Cha Mafia, pale Kilindoni, kiko 7°55' Kusini, 39°40' Mashariki. Alama ' ni dakika, na digrii moja ina dakika 60. Ukitoa, unapata dakika 102 za latitudo na 27 za longitudo. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, yaani kilomita 1.852. Ya longitudo hupungua kadiri unavyoiacha ikweta, ila kuanzia Unguja hadi Mtwara upungufu haufiki asilimia 2, kwa hiyo uache. Zidisha 102 kwa 102, na 27 kwa 27. Jumla ni 11,133. Bonyeza alama ya kipeuo cha pili: maili 105.5, sawa na kilomita 195.

Wengi huharibu kwa kuandika 7°55' kuwa 7.55. Digrii ina dakika 60, hivyo 55 gawanya kwa 60, upate 7.92. Ukiacha 7.55, kiwanja cha Mafia kinasogea maili 22 kaskazini na kuangukia baharini.

Sasa muda. Cessna Caravan, ndege ndogo ya abiria, hukata kama noti 170, yaani maili 170 za baharini kwa saa. 105.5 gawanya kwa 170 ni 0.62, na hiyo ni sehemu ya saa: zidisha kwa 60, ni dakika 37. Ongeza kama 10 za ndege kutembea kiwanjani, kupanda na kushuka. Kusi la Julai likikupiga usoni kwa noti 20, dakika 37 zinakuwa 42. Ukirudi nalo mgongoni, 33.

Ndege ikitua Dar njiani, kilomita zinakuwa 73 na 126, jumla 199. Zimeongezeka nne tu, maana Dar iko karibu kabisa na mstari. Muda unaliwa na kusimama chini.

Kwa anayetoka Mtwara ni tofauti sana. Mstari wa moja kwa moja hadi Mafia ni kilomita 275, lakini kupitia Dar unaruka 400, unaipita Mafia, kisha unarudi kusini 126. Jumla 526, karibu mara mbili, kwa hiyo usikadirie muda kwa ile 275. Kama tiketi ni mbili, za kampuni mbili, weka saa tatu kati ya ndege na ndege: ya kwanza ikichelewa, ya pili haikusubiri.

Na saa za tiketi zisome vizuri. 07:30 ni saa 1:30 asubuhi; 13:30 ni saa 7:30 mchana. Anayeisoma 07:30 kuwa saa saba na nusu mchana hufika kiwanjani ndege ikiwa imeondoka saa sita nyuma.