Skrubu kwanza: vyuma vya mlango na vibao vya ukuta kwa jengo la biashara kando ya bahari

Ukiniita nikague milango ya hoteli yako hapa Malindi, kitu cha kwanza nitakachoomba ni bisibisi. Kishikio sitakitazama, wala sitauliza kitasa kimetoka nchi gani. Nitafungua skrubu moja ya bawaba ya juu na kuiweka kiganjani. Ikiwa na madoa mekundu shingoni, basi najua mlango wote umebakiza muda gani, hata kama kishikio kinang'aa kama sufuria ya harusi.

Nimezaliwa Lamu, mtaa wa Langoni, na kazi ya mbao nimefundishwa na ami yangu aliyekuwa akichonga milango ya nakshi. Mlango wa kale wa Lamu hauna bawaba. Kila ubao una kigingi cha mbao juu na chini, kinazunguka ndani ya tundu la kizingiti. Nje unafungwa kwa mnyororo na tumbuu, ndani kwa komeo la mbao. Chuma ni kidogo mno, na kile kilichopo ni kinene. Ami alikuwa akinionyesha mlango umechakaa nakshi lakini bado unazunguka, kisha ananiuliza: "Waona hapa pana nini cha kuliwa na chumvi?" Nilipohamia Malindi na kuanza kufunga milango ya maduka, benki na nyumba za wageni, swali lile likawa kipimo changu. Jengo la leo lina vyuma kila pembe, kwa hiyo lazima ujue kipi kitaliwa kwanza.

Tuanze na stenlesi, maana ndipo watu wanapopoteza pesa. Stenlesi haishiki kutu kwa sababu ina kromiamu, nayo inapokutana na hewa hujifunika utando mwembamba usioonekana. Chumvi ya bahari hutoboa utando huo. Namba mbili utakazozisikia madukani ni 304 na 316. Ya 304 ina kromiamu kama asilimia 18 na nikeli kama 8. Inafaa Nairobi, inafaa jikoni. Ya 316 imeongezwa metali iitwayo molibdenamu, asilimia 2 hadi 3, na ndiyo inayostahimili chumvi. Kwa mlango wowote unaosikia upepo wa bahari, nunua 316. Usikubali muuzaji akuthibitishie kwa sumaku: zote mbili kwa kawaida hazivutwi, kwa hiyo sumaku itakutenganishia stenlesi na chuma cha kawaida tu. Kinachotenganisha 304 na 316 ni cheti cha kiwandani, au dawa ya matone inayobadilika rangi ikikuta molibdenamu.

Kwenye karatasi za bidhaa kutoka Ulaya tafuta kipimo kinachoitwa EN 1670. Hicho ni kipimo cha kutu: chombo huwekwa ndani ya mvuke wa chumvi na kuhesabiwa saa. Daraja la 3 ni saa 96, la 4 ni saa 240, la 5 ni saa 480. Mimi kwa mlango wa nje pwani sichukui chini ya daraja la 4, na mbele kabisa ya bahari nataka la 5. Karatasi isiyotaja daraja lolote naihesabu kama haikuletwa.

Sasa skrubu. Miaka kadhaa nyuma nilifunga milango 14 kwenye nyumba ya wageni, vishikio na bawaba zote 316, cheti ninacho mkononi. Skrubu zilikuja ndani ya boksi lilelile, nikazitumia. Kusi moja tu ilipita, ukuta mweupe wa chokaa chini ya kila bawaba ukawa na mistari ya kahawia kama machozi. Mwenye nyumba akaniita. "Fundi, si uliniambia hii haishiki kutu?" Nikamjibu, "Bi mkubwa, bawaba haijashika. Skrubu ndizo." Zilikuwa chuma cha kawaida kilichopakwa zinki, rangi ileile ya fedha. Kila mlango una bawaba tatu, kila bawaba skrubu nane. Jumla 336, nikazitoa moja moja, nyingine zikikatika shingo ndani ya mbao, nikanunua za 316 kwa pesa yangu. Tangu hapo skrubu nazinunua mwenyewe, na moja katika kila pakiti naiweka kwenye kisahani chenye maji ya bahari kidogo, yakauke, niongeze tena, kwa wiki nzima. Ya chuma kilichopakwa itajitangaza yenyewe. Kisahani hakitakwambia kama ni 304 au 316, lakini kitakuokoa na lile kosa kubwa.

Kuna jambo linalowashangaza wateja wangu karibu wote. Mlango ulio chini ya baraza, usiopata mvua, huharibika mapema kuliko ulio wazi. Mvua ya masika huosha chumvi; barazani chumvi inatua, inalala, usiku umande unailowesha, na hakuna wa kuitoa. Kwa hiyo kipande kilichojificha, kama ubavu wa chini wa kishikio, nyuma ya bamba la kitasa au kichwa cha bawaba, ndicho cha kutazamwa. Pia chagua uso laini uliong'arishwa kuliko ule wenye mikwaruzo ya mapambo. Mikwaruzo inashika chumvi kama kitambaa.

Shaba ya manjano pia ni nzuri pwani, mradi ni shaba kweli. Vishikio vingi vya rangi ya dhahabu ni zinki iliyopakwa juu, na baada ya mwaka mmoja ngozi inavimba na kubanduka. Kwangu mtihani ni rahisi: naangalia ndani ya tundu la skrubu kwa tochi. Shaba ni ya manjano hadi ndani. Ukiona kijivu, rudisha.

Uzito wa mlango watu wanaukisia, nami nakuomba usikisie. Mlango wa mvule wa sentimita 90 kwa mita 2.1, unene wa sentimita 4.5, unakaribia kilo 55, mbambakofi unazidi. Kioo kina hesabu nyepesi: kila milimita moja ya unene ni kilo 2.5 kwa mita mraba, kwa hiyo mlango wa kioo cha milimita 10 wa ukubwa huohuo ni kilo 47 kabla ya kuweka fremu. Peleka namba hiyo dukani, uoanishe na uzito ulioandikwa kwenye bawaba. Na bawaba ya tatu usiiweke katikati kwa ajili ya urembo. Isogeze juu, karibu na ya kwanza, kwa sababu mlango unavuta juu na kusukuma chini.

Kile chombo cha mafuta kinachorudisha mlango wenyewe, ambacho mafundi tunakiita kloza, kinauzwa kwa namba. Namba 3 ni kwa mlango wa upana wa milimita 950 na kilo 60, namba 4 ni milimita 1,100 na kilo 80. Upepo wa kaskazi ukipiga mbele ya duka, ongeza namba moja. Kina skrubu ndogo za kurekebisha mwendo: moja ni ya mzunguko mrefu wa kufunga, nyingine ni ya pale mwisho, mlango unapokaribia kuingia kwenye kitasa. Zungusha robo kwa robo, funga na kufungua mara tano, ndipo uzungushe tena. Usiitoe skrubu yote nje, mafuta yatamwagika na kloza imekufa. Kloza nyingine zina skrubu ya tatu, ya kuzuia mlango usitupwe na upepo ukifunguliwa. Hapa pwani lipia hiyo ya tatu.

Mlango wa kutokea wakati wa moto sitaki kuuzungumzia kwa haraka. Kwenye ukumbi wa watu wengi, mlango ufunguke kwenda nje, kwa kusukuma mara moja, bila ufunguo. Fimbo ya kusukuma iliyo mlalo kwenye mlango, inayofuata kipimo cha EN 1125, huwekwa kati ya milimita 900 na 1,100 kutoka sakafuni, na imetengenezwa kwa ajili ya mtu asiyelijua jengo na aliyejawa na hofu. Kipimo cha EN 179 ni cha vishikio vya ofisini, ambako wafanyakazi wamezoea njia. Watu huvichanganya kwa sababu cha pili ni cha bei rahisi zaidi. Nimewahi kukuta fimbo nzuri kabisa ya 316, na juu yake mnyororo wenye kufuli, eti wezi. Niliwaambia wazi kwamba sitaendelea na kazi hadi kufuli litoke. Likatoka. Kama unaogopa wezi, weka king'ora kinacholia fimbo ikisukumwa. Mtu atoke kwanza.

Tukitoka mlangoni tunafika ukutani. Majengo mapya ya biashara Malindi yanapenda vibao vya aluminiamu vya tabaka tatu. Kwa kawaida unene wote ni milimita 4: ngozi mbili za aluminiamu za nusu milimita, na kiini cha milimita 3 katikati. Mteja anachagua rangi. Mimi nauliza kiini. Kikiwa plastiki tupu ya polithini, kinawaka na kudondosha matone ya moto. Jengo la Grenfell Tower, London, lilivikwa vibao vya kiini hicho. Moto wa tarehe 14 Juni 2017 ulipanda ukuta wa nje na watu 72 wakafa. Kila ninapoandika hesabu ya vibao naikumbuka namba hiyo. Hapa kwetu hali ina hatari yake zaidi, kwani jirani ana paa la makuti, na cheche hubebwa na upepo. Omba kiini cha madini, na karatasi ya kipimo cha moto cha EN 13501-1 inayosema daraja la A2, au angalau B. Rangi ya kiini si ushahidi, hata muuzaji akikwambia kijivu ndicho salama. Kata kipande kidogo, kiwashie kiberiti nje mbali na watu. Kikiyeyuka na kudondosha moto, usikinunue. Kisipowaka, bado dai karatasi.

Nyuma ya vibao acha nafasi ya hewa, milimita 20 hadi 50, wazi chini na juu, ili maji yatoke na ukuta ukauke. Matundu hayo ya chini na juu yafunikwe wavu wa stenlesi, la sivyo popo watahamia. Kwenye kila sakafu weka kizuizi cha moto ndani ya nafasi hiyo, isije ikawa bomba la moshi. Aluminiamu hutanuka: kibao cha mita 3, jua likikipandisha joto nyuzi 40, kinaongezeka kama milimita 3. Kwa hiyo tundu moja libane kabisa, mengine yawe marefu, na kati ya kibao na kibao acha milimita 10 au zaidi. Fundi anayebana matundu yote anatengeneza mawimbi ukutani. Skrubu za 316 kwenye aluminiamu zinakubalika, ukiweka wosha ya plastiki katikati. Shaba au chuma cha kawaida kikigusa aluminiamu kwenye chumvi, aluminiamu huliwa ikageuka unga mweupe.

Na usiruhusu chokaa mbichi au saruji kuirukia aluminiamu. Funika kwa nailoni kabla lipu haijaanza, maana vinaunguza uso na doa halitoki.

Ukuta ukiwa wa matumbawe, kama nyumba za zamani za Malindi na karibu Lamu yote, usitumie boliti ya kupanuka. Jiwe ni laini, lina mapango, boliti inalisukuma na kulipasua. Toboa, puliza vumbi lote litoke, tia mfuko wa wavu ndani ya tundu, kisha gundi ya kemikali na fito la 316. Siku ya pili livute ulijaribu. Na ndani ya Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001, sahau vibao kabisa. Pale ukuta unataka lipu ya chokaa inayopumua. Saruji inafungia unyevu ndani na jiwe linamomonyoka. Kabla ya kubadilisha hata mlango wa mbele, pita kwanza ofisi ya Makumbusho ya Taifa.

Jengo likikamilika, kuna hatari ya siku ya usafi. Wasafishaji huja na asidi ya kutoa saruji kwenye vigae, na mvuke wake ukitanda usiku mmoja chumbani, stenlesi inaamka na vidoa. Vishikio vifungwe baada ya asidi kuondoka, au vizibwe kwa nailoni. Dawa ya klorini isivikaribie. Sufi ya chuma pia hapana, inaacha vipande vidogo vya chuma ambavyo vitashika kutu juu ya 316 yako na utadhani umetapeliwa. Maji baridi yasiyo ya chumvi, sabuni laini, kitambaa, kausha. Mbele ya bahari kila wiki, mitaa ya ndani kila mwezi, na barazani usiruke hata mara moja. Yule bi mkubwa wa milango 14 amempa kazi hiyo kijana wa bustani, kila Ijumaa asubuhi, ndoo moja kwa milango saba. Kila kaskazi inapoanza napita na bisibisi, nafungua skrubu moja ya juu, namwonyesha, naifunga tena.