Kutuliza akili kila siku bila kuachia njiani

Anayeanza zoezi la kutuliza akili mara nyingi huliacha kabla halijamkaa. Siku tatu za kwanza anaamka mapema, anakaa wima mkekani dakika ishirini nzima. Ya nne kuna msiba mtaa wa Makorora, Tanga. Ya tano umeme umekatika, feni imesimama, amekesha na joto na mbu. Ya sita anajiona ameshindwa. Huo si uvivu. Zoezi lilikuwa kubwa mno tangu mwanzo, na halikufungwa kwenye kitu chochote.

Lenyewe ni jepesi kueleza. Unachagua jambo moja linalotokea sasa hivi, aghalabu pumzi, na unalifuata. Akili ikitoroka, unagundua, unairudisha bila kujigombeza. Kule kurudisha ndiko zoezi. Ikitoroka mara thelathini ndani ya dakika tano nawe ukairudisha mara thelathini, umefanya kazi kubwa. Anayengoja kichwa kiwe kitupu atangoja sana, na wengi wanakimbia kwa sababu hiyo tu.

Mfumo wa zoezi hili unaotumika katika hospitali za nchi nyingi ulianzishwa mwaka 1979 na Jon Kabat-Zinn katika chuo cha tiba cha University of Massachusetts, Marekani. Aliyachukua mazoezi ya Kibudha akayaondolea sura ya dini, ili mgonjwa wa maumivu sugu ayatumie bila kujali anaabudu wapi. Mafunzo yake ni ya wiki 8, na kazi ya nyumbani ni kama dakika 45 kwa siku. Hizo ni za mtu mwenye mwalimu na wenzake wa kumshika mkono. Wewe uliye peke yako nyumbani anza na dakika 5. Na kama wewe ni Mwislamu, zoezi hili halichukui nafasi ya swala wala dhikri; ni kuuzoesha moyo kuhudhuria pale mwili ulipo, jambo ambalo kila anayetafuta khushui, yaani utulivu wa moyo ndani ya swala, anajua lilivyo gumu.

Lifunge kwenye kitu

Hapa ndipo penye kazi kubwa, kwa hiyo usipapite haraka. Tafuta jambo ambalo tayari unalifanya kila siku bila kukumbushwa, ulifunge zoezi mara tu baada ya hilo. Sema kwa maneno kamili: "Nikishatoa salamu ya alfajiri, kabla sijakunja msala, nitakaa dakika tano." Au: "Nikishabandika maji ya chai, nitakaa kwenye kigoda mpaka yachemke." Au: "Nikishafungua duka na kufagia mbele, nitakaa kabla sijapanga bidhaa." Kusema "nitafanya nikipata nafasi" ni sawa na kutopanga, maana nafasi haipatikani.

Kitu unachofungia lazima kiwe na saa yake. Watu wa Tanga hupenda kupanga kukaa ufukweni Raskazone maji yakiwa yamejaa, na asubuhi ya kwanza hupendeza kweli. Lakini maji kujaa huchelewa kwa karibu dakika 50 kila siku. Baada ya wiki moja, saa ile ile uliyoyakuta yamejaa utayakuta yamekupwa, na zoezi litakupwa nayo. Bahari iwe nyongeza ya Jumapili.

Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliochapishwa mwaka 2010, uliwafuata watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya. Kwa wastani ilichukua siku 66 tabia kuanza kwenda yenyewe, lakini tofauti ilikuwa kubwa: kuanzia siku 18 hadi 254. Waliona pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Kwa hiyo ukikosa leo, kesho fanya dakika zako tano zile zile. Usilipe deni. Anayejilazimisha kumi kwa sababu ya jana ataanza kuliogopa zoezi.

Weka alama kwenye kalenda ya ukutani, mstari mmoja wa kalamu kwa kila siku uliyokaa. Usiandike kama lilikwenda vizuri au vibaya. Kaa na dakika 5 kwa wiki mbili, kisha ongeza mbilimbili kila wiki mpaka 15 au 20. Wiki ambayo umekosa siku tatu, rudi ulikotoka.

Kukaa kwenyewe

Simu iwekee alamu yenye mlio mpole, izimie data, iweke nyuma yako. Ikiwa mbele utaishika utazame muda, na ukishaishika umeshaingia WhatsApp.

Kwenye kiti cha plastiki, sogea mbele usiegemee, nyayo zote mbili chini. Kwenye mkeka, weka chini ya makalio mto au khanga zilizokunjwa mpaka zifike kimo cha sentimita 8 hadi 10. Si anasa hiyo. Magoti yakiwa juu kuliko nyonga, kiuno kinalala nyuma, mgongo unapinda, na dakika ya saba unafikiria mgongo tu. Viganja juu ya mapaja. Macho yafumbe, au yaache nusu yakitazama sakafu kama mita moja na nusu mbele. Mguu ukifa ganzi ubadilishe taratibu. Hakuna thawabu ya kuvumilia.

Dakika ya kwanza sikiliza tu: jogoo, mfagio wa jirani, bodaboda inayowashwa. Usiyafukuze. Kisha tafuta pumzi ilipo wazi zaidi kwako, puani, kifuani au tumboni, ubaki hapo hapo. Mtu mzima aliyetulia hupumua kama mara 12 hadi 20 kwa dakika, basi iache iende kwa mwendo wake. Kila ukitoa pumzi hesabu moja, mpaka kumi, kisha anza upya. Ukijikuta umefika kumi na saba, ujue mdomo ulikuwa unahesabu na akili ilikuwa sokoni. Rudi kwenye moja.

Kosa la kawaida ni kuvuta pumzi kwa nguvu ukidhani ndefu ndiyo bora. Ukipumua kwa nguvu na haraka unapunguza hewa ya kaboni kwenye damu, ndipo kinakuja kizunguzungu, midomo na vidole vikiwasha kama vimekufa ganzi. Acha kuidhibiti, fumbua macho, itapita. Kosa jingine ni kukaa baada ya wali wa mchana, hapo utalala. Kaa kabla ya chakula hicho.

Mchana, ndani ya kazi

Dakika za asubuhi hazitoshi kama siku nzima iliyobaki unaiendesha kichwa kikiwa kwingine. Chagua kazi moja tu ya mikono uifanye nzima.

Kukuna nazi ni mwalimu mzuri kuliko wengi, kwa sababu nazi yenyewe inakuonyesha. Kaa kwenye mbuzi, shika kifuu kwa mikono miwili, anzia ukingoni. Sikiliza: mwanzoni mlio ni mzito na laini, nazi inaanguka kwenye sinia kama mvua ya rasharasha. Ukikaribia kifuu mlio unakuwa mkavu, meno yanaanza kukwaruza. Hapo zungusha. Akili ikishatoka kwenda kwenye ada ya mtoto, mkono unaendelea palepale, unapita nyama nyeupe unaingia kwenye ngozi ya kahawia, na kwenye sinia unaona vijipunje vyeusi. Ukiviona, usijilaumu, ni ishara, rudi kwenye mlio. Haraka ndiyo inayokata vidole.

Mafunzo ya Kabat-Zinn huanza kwa kula zabibu kavu moja polepole. Huku tuna chungwa la Muheza, nalo linafaa zaidi. Litazame kwanza: kijani hata likiwa limeiva, na baka la manjano upande mmoja. Limenye kwa kisu, utepe mmoja bila kuukata, usikie mafuta ya ganda yanavyorukia vidoleni. Kata kipande, kiweke mdomoni, usiume bado. Mate yatakuja yenyewe. Kisha uma, na usichukue kipande cha pili mpaka cha kwanza kimeshuka. Chungwa moja kwa mwendo huo ni dakika nane hivi.

Kengele ya bure nayo ipo: muuza kahawa akigonganisha vikombe barabarani, mtaa wa Ngamiani hapa Tanga, pumua mara moja kwa makini, hata kama hununui. Kwenye baiskeli, zoezi ni macho wazi na masikio wazi, kuhisi pedali na kuona barabara. Pumzi usiihesabu huko.

Wakati wa kupunguza

Mtu aliye kwenye majonzi mapya, au aliyepatwa na jambo la kutisha, akifumba macho kimya anaweza kuona picha zinarudi kwa nguvu. Huyo asilazimishe. Afumbue macho, ahisi nyayo zikigusa sakafu, ataje vitu vitano anavyoviona, na zoezi lake liwe kutembea polepole uani dakika mbili. Ikiwa hofu inazidi, usingizi umepotea kwa wiki kadhaa au anawaza kujidhuru, aende hospitali, amwambie pia mtu wa nyumbani. Na dawa aliyopewa na daktari asiiache kwa sababu ya zoezi.

Ramadhani ratiba yote inageuka, basi funga upya siku ya kwanza ya mwezi, usingoje mpaka zoezi lipotee: baada ya daku wengi huweza. Ukisafiri, lifunge kwenye mswaki, maana huo unakwenda nao. Na siku ya homa au ya wageni wengi, simama mlangoni baada ya kunawa mikono, pumua mara tatu ukizifuata mpaka mwisho, kisha nenda ukaweke mstari kwenye kalenda. Siku hiyo imehesabiwa.