Ukiwekewa tambuu ugenini Asia, fanya hivi

Wale mnaotoka Kampala kwenda Asia kikazi ama kibiashara hii inawahusu, maana kuna siku utakaribishwa kwa mtu Vietnam ama Malaysia uone sinia ya tambuu, yale majani ya kutafuna, imeletwa mbele yako, na usipojua cha kufanya utamvunjia mwenye nyumba heshima bure tu. Ni kama vile Waganda wanavyompa mgeni kahawa ya kutafuna. Vietnam bwana harusi na watu wake hawaendi kwa kina bibi harusi bila majani ya tambuu na popoo, ile kokwa ngumu inayotafunwa pamoja nayo, Wamalay nao wana kisanduku chake maalum, tepak sirih.

Kuitengeneza si ngumu. Osha jani, lifute, kata kikonyo, halafu paka chokaa, na hapo kwenye chokaa ndio uwe makini kabisa, kidogo tu, ikizidi inababua ulimi na mashavu mpaka chakula kinakushinda. Juu yake wanatia vipande vyembamba vya popoo, wengine katu (kitu chekundu-kahawia kinachotolewa kwenye mti), karafuu ama iliki, Myanmar wengi wanaongeza tumbaku. Kunja, bana shavuni, tafuna polepole. Mate yanakuwa mekundu, si damu hiyo, usimeze, tema kwenye chombo walichokuwekea.

Lakini banange, popoo yenyewe muiache! Shirika la utafiti wa kansa lililo chini ya WHO lilishatoa ripoti 2004 kwamba popoo hata bila tumbaku inaleta kansa, tena inakaza nyama za mashavu kidogo kidogo mpaka mtu anashindwa kufungua mdomo ale vizuri, na hali hiyo hairudi nyuma. Kwa hiyo pokea kwa mikono miwili, shukuru, mwambie mwenyeji popoo haikufai kiafya, omba akukunjie jani na iliki tu. Heshima iko kwenye kupokea, hakuna mtu mzima atakayekasirika.

Na hizi pan, yaani tambuu za Kihindi, za maduka ya Wahindi hapa mjini, uliza kwanza kama zina popoo, nyingi zinayo.

Kama tayari unatafuna na umeona madoa meupe mdomoni ama kidonda kimepita wiki 2 hakijapona, usingoje kiume, nenda kwa daktari wa meno aangalie, hata kama hakiumi.