Jinsi ya kuandaa madai ya fidia ya dharura ya mifugo

Madai mengi hukwama kwenye idadi. Mfugaji anasema mbuzi 20 wamekufa kwa mafuriko, ofisi inauliza kabla ya hapo alikuwa na wangapi, na karatasi ya kujibu haipo.

Kwanza jua unadai msaada wa aina gani. Upo unaolipia kila mnyama aliyekufa, upo wa wanyama waliouawa kwa amri ya serikali ili kuzuia ugonjwa, na upo unaotazama malisho tu. KLIP, bima ya mifugo ya serikali ya Kenya iliyoanza Turkana na Wajir mwaka 2015, ilikuwa ya aina hii ya tatu: satelaiti zilipima ukijani wa malisho, wala hakuna aliyehesabu mizoga. Kwa bima ya namna hiyo picha hazikusaidii, hakikisha tu umesajiliwa mapema.

Kwa wanyama waliokufa, usizike wala kuchoma mzoga kabla ya kuupiga picha mbili: moja ya mnyama mzima na mahali alipolala, nyingine ya karibu inayoonyesha namba ya hereni au chapa. Mwite afisa mifugo. Akichelewa, tafuta mashahidi wawili wasio jamaa zako, waandike tarehe, sababu ya vifo na idadi kwa jinsi na umri, kisha watie saini. Ukiandika "ng'ombe 12" bila kutenga ndama, mitamba na majike, fomu itarudi, kwa kuwa viwango hutofautiana. Mnyama aliyekufa ghafla akitoka damu puani au sehemu ya haja usimpasue wala kumgusa, huenda ni kimeta, ugonjwa unaoambukiza hata watu. Toa taarifa na usubiri.

Idadi ya mwanzo ndiyo ngumu zaidi. Daftari lako lina uzito kidogo kwa sababu umeliandika mwenyewe. Kadi ya chanjo, risiti ya josho, stakabadhi za mnadani na vibali vya kusafirisha vina uzito zaidi, maana viliandikwa na mtu mwingine kabla ya janga. Vipige picha na uvihifadhi nje ya boma.

Usishangae malipo yakipungua. Mipango mingi huondoa vifo vya kawaida, vile ambavyo vingetokea hata bila janga. Tuseme ulikuwa na mbuzi 60 na kiwango cha vifo vya kawaida ni asilimia 5: watatu wanaondolewa, kwa hiyo waliokufa 20 wanahesabiwa 17. Mpango wa LIP wa Marekani hufanya hivyo, kisha kwa kawaida hulipa asilimia 75 ya bei ya wastani ya soko. Mnyama uliyemuuza kwa hasara huingia katika fungu jingine, kama lipo.

Kwenye ugonjwa, kuchelewa kutoa taarifa kunagharimu. Mara nyingi fidia hutolewa kwa mnyama aliyekuwa bado hai hadi alipouawa kwa amri ya serikali, na aliyekwisha kufa kwa ugonjwa halipiwi. Mfugaji anayeficha dalili wiki nzima hujipunguzia malipo kila siku.

Jina kwenye fomu lifanane herufi kwa herufi na la kitambulisho na la akaunti au laini ya simu itakayopokea pesa. Laini iliyosajiliwa kwa jina la mtoto wako hurudisha malipo. Baki na nakala yenye muhuri na tarehe ya kupokelewa. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi siku hiyohiyo na uulize mwisho wa kukata rufaa ni lini.