Mgonjwa wako yuko kwenye kemo? Tafuta daftari

Jamani wenye wagonjwa wa saratani wanaopewa kemo, yaani dawa za kuua saratani, wengi tunahangaika na kutapika na nywele kunyonyoka, moyo ambao baadhi ya dawa hizo zinauumiza tunausahau kabisa. Mimi nilistuka siku ndala za dada zilipogoma kumwingia asubuhi, nikambonyeza muundi kwa kidole gumba, shimo likabaki palepale kama kwenye donge la chapati, kumbe miguu imejaa maji, dalili kwamba moyo unaweza kuwa umechoka.

Anza na jina la dawa. Ile nyekundu inayofanya mpaka mkojo uwe mwekundu siku moja mbili ni doksorubisini, na sumu yake kwa moyo inajumlishwa maisha yote, madaktari hawapendi jumla ivuke miligramu 450 hadi 550 kwa kila mita ya mraba ya mwili. Kwahiyo kila dripu andika tarehe na miligramu. Sisi tulihama hospitali faili likapotea, daftari la mia tano ndo likatuokoa. Herceptin, dawa nyingine ya saratani, nayo inadhoofisha moyo ila mara nyingi ikisimamishwa moyo unarudi, mwambie daktari eko, ile picha ya moyo ya ultrasound, iwe kila miezi mitatu.

Eko ya kwanza ifanyike kabla ya dripu ya kwanza, usikubali kuambiwa "iko sawa" tu, omba namba ya EF, yaani asilimia ya damu moyo unayosukuma nje kila pigo, uiandike. Ilikuwa 60 sasa 48? Dripu inayofuata isiingie kabla daktari hajaiona. Na jipange kwa siku tofauti, Ocean Road ya saratani na JKCI, taasisi ya moyo pale Muhimbili, siyo geti moja.

Nyumbani mzani kila asubuhi, ametoka chooni, hajanywa chai, kanga ileile. Kilo mbili zimeongezeka ndani ya siku tatu hayo ni maji, hajanenepa, msije mkafurahi. Hesabu na mito, aliyekuwa analala na mmoja akaanza kutaka mitatu ili apumue, piga simu kliniki leo leo. Presha apimwe akiwa ametulia dakika tano, siyo ametoka kupanda ngazi.

Anayemeza kapesitabini, kemo ya vidonge, akibanwa kifua asimeze kidonge kingine, hospitali moja kwa moja.

Halafu mguu mmoja ukivimba peke yake na unauma, msimchue! Najua bibi atakuja na mafuta ya nazi, mkatalieni kwa adabu, damu inaweza kuwa imeganda mle ndani na likichomoka donge linakwenda kwenye mapafu. Ita bajaji usiku huohuo.