Laptopu ina intaneti, kompyuta ya mezani haina: anza na namba

Steshonari yangu hapa Morogoro ina kompyuta mbili. Laptopu inashika Wi-Fi ya ruta iliyoko nyumba ya nyuma. Ya mezani haina kadi ya Wi-Fi, na ndiyo yenye printa. Nimeziunganisha kwa waya wa mtandao wa mita tatu ili laptopu imgawie mwenzake intaneti. Mwaka jana, wanafunzi wamejaa mlangoni na fomu za mkopo, ya mezani ikagoma. Nilipoteza nusu siku nikibadilisha mipangilio bila mpango, na bado inaniuma, maana wengine waliondoka bila kuhudumiwa.

Kwa hiyo usiguse chochote kabla hujaiuliza kompyuta ya mezani namba yake ya mtandao, yaani anwani ya IP. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, bonyeza Enter, kisha kwenye dirisha jeusi linalofunguka andika ipconfig. Soma mstari wa IPv4 chini ya Ethernet, yaani upande wa waya.

Ukiona inayoanza na 192.168.137, laptopu imeshampa anwani. Waya ni mzima, kosa liko mbele zaidi. Ukiona 169.254, maana yake kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipachika yake: rudi kwenye laptopu. Ukikuta namba nyingine kabisa, huenda kuna mtu aliwahi kuiandika kwa mkono. Irudishe kwenye kujipatia yenyewe (Obtain an IP address automatically). Na ikisema haijaunganishwa, tazama taa za tundu la waya. Hazikuwaka? Jaribu waya mwingine kwanza. Kile kipini cha plastiki kikivunjika, waya hulegea hata ukionekana umekaa.

Yangu ilikuwa 169.254.

Kwenye laptopu, bonyeza Windows na R, andika ncpa.cpl. Bofya kulia alama ya Wi-Fi, chagua Properties, kisha Sharing. Wengi hukosea hapa: wanaweka tiki kwenye Ethernet. Tiki inakaa kwa anayeleta intaneti, yaani Wi-Fi. Ethernet unaichagua kwenye orodha ya chini kama mpokeaji. Ukikubali, Ethernet ya laptopu hujipa 192.168.137.1.

Lakini kwangu tiki ilikuwepo! Usiku uliotangulia umeme ulikatika, betri ikaisha, laptopu ikazima. Ilipowaka asubuhi, Windows 10 ilionyesha tiki ileile huku ugawaji wenyewe umelala. Dawa ya haraka: ondoa tiki, bonyeza OK, irudishe, bonyeza OK tena. Kisha kwenye ya mezani andika ipconfig /renew. Namba ilibadilika papo hapo.

Kwa sisi ambao umeme hukatika, usiishie hapo. Fungua services.msc, tafuta Internet Connection Sharing, uiweke Automatic. Halafu fungua regedit (sajili ya mipangilio ya ndani ya Windows), nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\SharedAccess, tengeneza thamani ya DWORD uiite EnableRebootPersistConnection, uipe 1. Andika kwa uangalifu, herufi moja ikikosewa haifanyi kazi. Zima laptopu, iwashe, upime tena. Tangu nifanye hivyo sijarudia ile kazi ya tiki.

Kama namba ni nzuri ila kurasa hazifunguki, kwenye ya mezani andika ping 8.8.8.8. Majibu yakirudi, intaneti inapita. Kinachokwama ni kutafsiri majina ya tovuti. Acha anwani ijipatie yenyewe, ila sehemu ya DNS andika 8.8.8.8. Majibu yasiporudi, hakikisha laptopu yenyewe inafungua tovuti, kisha zima VPN (programu inayopitisha intaneti yako kwenye njia ya faragha) kama unayo. VPN hupitisha mambo yake mlango mwingine, na ugawaji uliouwekea tiki kwenye Wi-Fi haupiti huko. Baada ya hapo ndipo ushuku antivairasi. Izime kwa dakika mbili, upime, uiwashe.

Na kama laptopu yako inavuta bando la simu, fanya jambo moja kabla hujaondoka. Kompyuta ya mezani inaona waya tu, haijui kwamba nyuma yake kuna bando, hivyo itaanza kushusha masasisho makubwa ya Windows. Fungua mipangilio ya Ethernet upande wake, washa Metered connection, yaani iambie Windows kwamba intaneti hii inapimwa.